Lebo si Uvumbuzi: Hataza na Ufungashaji wa Mawingu ya Nukta

Majuma machache yaliyopita alinijia ofisini kijana mmoja, mhitimu wa uhandisi wa kompyuta, akiwa na simu mkononi na swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Alikuwa amepiga mamia ya picha za gofu la msikiti wa kale huku pwani, kisha akazipitisha katika programu inayozigeuza picha kuwa nukta. Matokeo yake yalikuwa mamilioni ya nukta, kila moja ikiwa na mahali pake katika urefu, upana na kina, pamoja na rangi yake. Mkusanyiko wa namna hiyo wataalamu huuita wingu la nukta. Ukiutazama kwa mbali unaona jengo; ukiukaribia unaingia ndani, unazunguka nguzo, unasimama mbele ya mihrabu.

Kazi iliyomtoa jasho, hata hivyo, ilikuwa kulifungasha wingu lile ndani ya faili ili mgeni mwenye simu ya kawaida na mtandao dhaifu aweze kulitazama bila kulipakua lote. Akaniuliza, "Mwalimu, hiki nilichokifanya ni changu? Na je, yupo anayeweza kunizuia nisikitumie?"

Mimi ni mtu wa sheria, si mhandisi. Nilimwomba muda nikasome. Makala haya ni matunda ya usomaji huo, na nayaandika hapa kwa sababu swali lake linatuhusu wengi zaidi ya yeye na mimi.

Tuanze na ukubwa wa mzigo wenyewe. Chukulia wingu lenye nukta milioni moja, ambalo si kubwa. Mahali pa kila nukta paandikwe kwa biti 30 na rangi yake kwa biti 24. Jumla biti 54. Ikiwa wingu hilo ni la kitu kinachotembea, mathalani mcheza ngoma, nasi tunataka kulionyesha mara 30 kwa sekunde kama filamu, tutahitaji kupitisha biti bilioni 1.62 kila sekunde. Diski ya DVD ya GB 4.7 ingejaa ndani ya sekunde 23 hivi. Ndiyo maana mawingu haya hubanwa kwanza, kisha yakafungashwa.

Ubanaji na ufungashaji ni kazi mbili tofauti. Viwango vyake hutungwa na kundi la wataalamu lijulikanalo kama MPEG, chini ya mashirika ya ISO na IEC. Kiwango cha ISO/IEC 23090-5 na kile cha 23090-9 vinahusu namna ya kubana. 23090-10 na 23090-18 vinahusu namna ya kukibeba kilichokwisha kubanwa. Msingi wa kasha lenyewe ni mkongwe zaidi: kiwango cha ISO/IEC 14496-12, kilichochipuka kutoka muundo wa QuickTime wa kampuni ya Apple, na ambacho ndugu msomaji unakitumia kila unapofungua video ya MP4 kwenye simu yako. Faili la namna hiyo ni mfululizo wa visanduku. Kila kisanduku kwa kawaida huanza na baiti nne zinazotaja ukubwa wake, zikifuatwa na herufi nne zinazotaja aina yake. Kipo kisanduku cha kujitambulisha, kipo cha fahirisi, kipo cha mzigo wenyewe. Ni kama shehena bandarini: kontena, namba yake, na hati inayosema ndani yake mna nini.

Sasa, makampuni makubwa ya teknolojia yamekuwa yakiomba hataza juu ya mbinu za kufungasha mafaili haya. Ombi la kawaida husema, kwa muhtasari: tunalichukua wingu la nukta, tunaligawa vipande kwa kufuata maeneo yake angani, tunaweka kila kipande katika mkondo wake ndani ya faili, kisha tunaongeza kisanduku kinachoeleza mkondo upi ni wa eneo lipi, ili simu iombe kile tu inachokihitaji. Je, huo ni uvumbuzi?

Sheria za nchi mbalimbali zinajibu kwa lugha tofauti. Ibara ya 52 ya Mkataba wa Hataza wa Ulaya inazitaja programu za kompyuta na uwasilishaji wa taarifa miongoni mwa mambo yasiyohesabiwa kuwa uvumbuzi, lakini inaongeza kuwa katazo hilo linahusu mambo hayo yanapodaiwa yakiwa peke yake tu. Sheria ya India, kifungu cha 3(k), inakataa programu za kompyuta zikiwa peke yake pamoja na algorithimu. Nchini Marekani, tangu Mahakama ya Juu ilipoamua shauri la Alice mwaka 2014, wazo la kufikirika halipati hataza kwa sababu tu limepitishwa ndani ya kompyuta. Mwaka 2017, katika shauri la RecogniCorp dhidi ya Nintendo, mahakama ya rufaa ya huko iliona kuwa mbinu iliyodaiwa ya kuandika na kusoma picha kwa namba ilikuwa wazo la namna hiyo.

Katika yote niliyosoma, mwanga mkubwa zaidi niliupata katika uamuzi mmoja wa mwaka 2000 wa Bodi ya Rufaa ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya, shauri namba T 1194/97 la kampuni ya Philips. Lilihusu namna ya kupanga data za picha ndani ya diski. Bodi ilitofautisha aina mbili za data. Ya kwanza ni ile inayobeba maana kwa mwanadamu: ikipotea, mashine itaendelea kufanya kazi ila mtazamaji ataona chenga tupu. Ya pili ni ile inayoiongoza mashine yenyewe: ikipotea, mashine inashindwa kazi yake. Aina ya kwanza ni habari tu. Ya pili ni ya kiufundi, na kwa hiyo inaweza kuingia katika mlango wa hataza.

Tukipima kwa kipimo hicho, nakiri kwamba wanaosema ufungashaji wote ni makaratasi tu wamekosea. Fahirisi inayoiambia simu ichukue baiti zipi na iache zipi ni sehemu ya mtambo sawasawa na gurudumu lenye meno. Ukiiondoa, mtambo unasimama. Kinyume chake, kisanduku kinachosema "hili ni jengo" au "huyu ni mtu" hakimwongozi yeyote isipokuwa msomaji. Hiyo ni lebo.

Lakini kuingia mlangoni si kukaribishwa mezani. Mlango wa pili ni ule wa hatua ya kiuvumbuzi: je, jambo hili lingekuwa dhahiri kwa fundi wa fani hiyo? Bodi hiyohiyo ya Ulaya, katika shauri la COMVIK (T 641/00) la mwaka 2002, iliweka kanuni kwamba katika kupima hatua hiyo tuhesabu tu vipengele vinavyochangia ufundi. Na hapa ndipo naona maombi mengi ya ufungashaji yanapaswa kukwama. Kugawa picha vipande na kuweka kila kipande katika mkondo wake kulikuwapo katika video za kawaida kabla ya mawingu ya nukta. Kulikuwapo pia katika video za nyuzi 360, ambako kivaa-miwani huletewa kwa ubora zaidi upande anaoutazama. Aliyeichukua mbinu ileile na kuandika "wingu la nukta" pale palipoandikwa "video" amebadilisha shehena, hakubuni kontena. Atakayestahili ni yule aliyetatua tatizo ambalo wingu la nukta linalo na video haina.

Ipo hoja nyingine ambayo naiona nzito kuliko zote, nayo ni ya haki kuliko ya ufundi. Kanuni nyingi za ufungashaji hazina thamani yoyote mpaka watu wakubaliane juu yake. Herufi nne za kisanduku zingeweza kuwa nyingine zozote. Mpangilio wa sehemu zake ungeweza kuanza na kile na kuishia na hiki. Ni kama kuendesha gari upande wa kushoto: upande wenyewe hauna ubora, ubora uko katika sisi sote kuufuata. Kanuni ya namna hiyo ikiwekwa ndani ya kiwango cha kimataifa, kila mtengenezaji analazimika kuifuata, vinginevyo faili lake halifunguki kwingine. Basi mwenye hataza juu yake anatoza ushuru juu ya makubaliano yetu. Thamani imetoka kwa waliokubali, malipo yanakwenda kwa aliyependekeza.

Historia imekwisha kutuonyesha ladha ya jambo hili. Muundo wa picha wa GIF ulitoka mwaka 1987 nao ukaenea. Mwishoni mwa 1994, miaka saba baadaye, ikatangazwa kwamba watengenezaji wa programu zinazoutumia walipie, kwa kuwa mbinu ya kubana iliyokuwamo ilikuwa na hataza ya kampuni ya Unisys. Hataza ile ilihusu ubanaji, wala si kasha. Lakini waliokuwa wamelizoea kasha hawakuwa na pa kukimbilia haraka. Ndipo ukabuniwa muundo huru wa PNG. Hataza ya Unisys nchini Marekani ilikwisha muda wake mwaka 2003.

Wapo watakaonijibu kwamba makampuni hayo hupeleka wahandisi wao katika vikao vya viwango kwa miaka mingi, na bila malipo hakuna atakayekwenda. Hoja hiyo ina uzito. Kanuni za ISO na IEC zenyewe zinaruhusu hataza ndani ya viwango, mradi mwenye nayo akubali kutoa leseni, ama bure ama kwa masharti ya haki yasiyobagua. Sina ugomvi na malipo kwa kazi iliyofanyika. Aliyegundua namna bora ya kubana nukta milioni moja na alipwe. Ninachokataa ni kumlipa mara ya pili kwa kuandika lebo juu ya kasha.

Wengine watauliza: sisi yanatuhusu nini? Hataza ni ya mipaka. Isiyosajiliwa huku haina nguvu huku. Ni kweli. Lakini mizigo ni yetu tayari. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yalikwisha kupimwa kwa leza na wataalamu wa Zamani Project wa Chuo Kikuu cha Cape Town. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kupigwa picha kisiwa kizima kwa ndege zisizo na rubani ili kuchora ramani, na picha za aina hiyo huzaa mawingu ya nukta. Kumbukumbu za mababu zetu na ramani za viwanja vyetu zitahifadhiwa ndani ya makasha haya. Haifai tuwe wageni katika mjadala wa nani ana ufunguo.

Isitoshe, sheria ya kujitetea tunayo. Itifaki ya Harare, ambayo kwayo shirika la ARIPO hutoa hataza zinazoweza kufika hadi Tanzania, inazitenga programu za kompyuta na uwasilishaji wa taarifa kwa maneno yanayofanana sana na yale ya Ulaya. Sheria ya Kenya ya mwaka 2001 nayo inaukataa uwasilishaji mtupu wa taarifa. Aidha, nchi zenye maendeleo duni, Tanzania ikiwamo, zimeongezewa na Shirika la Biashara Duniani muda hadi tarehe 1 Julai 2034 kabla ya kulazimika kutekeleza kikamilifu mkataba wa TRIPS. Tunayo nafasi ya kuamua tunataka nini. Ningependa miongozo ya wakaguzi itamke waziwazi kwamba sehemu ya faili isiyoiongoza mashine haihesabiwi, na kwamba kuhamisha mbinu ya video kwenda kwenye wingu la nukta hakutoshi. Shirika letu la Viwango, TBS, ni mwanachama wa ISO; vyuo vikuu vyetu vilipe shirika hilo watu wa kwenda kusikiliza na kusema.

Na kijana wangu? Alirudi wiki iliyopita, nikamjibu kwa sehemu tatu. Majina aliyoyaandika juu ya vipande vyake, yaani mihrabu, kisima na nguzo, ni lebo. Hayapati hataza, wala mtu hawezi kumzuia kuyaandika. Kuligawa jengo vipande na kuweka fahirisi mwanzoni ni ufundi halali, lakini ni wa zamani. Autumie kwa amani, ila asiudai. Sehemu ya tatu ilinifanya ninyamaze kidogo. Katika kila kipande alikuwa ameandika ni kuta zipi zinazokizuia kisionekane, na kutokea wapi, ili simu isiombe kile ambacho mgeni aliyesimama pale hawezi kukiona. Nilimwambia kwamba hilo linaiongoza mashine, na tatizo la ukuta unaoficha nyuma yake ni la wingu, si la video ya kawaida. Nikamwonya pia kwamba waundaji wa michezo ya kompyuta wamekuwa wakipiga hesabu zinazofanana na hizo tangu miaka ya 1990, hivyo mkaguzi mwangalifu anaweza kumkatalia. Tena asiichapishe kabla hajaamua, kwa kuwa katika nchi nyingi kuchapisha huua upya wa uvumbuzi.

Alifikiri kidogo, kisha akauliza, "Na nikichapisha, Mwalimu, mwingine ataweza kuidai?"

Nikamwambia hapana, wakaguzi wakiifanya kazi yao.

"Basi," akasema, "nitachapisha."

Sikumshauri hivyo, wala sikumkataza. Lakini uamuzi wake una maana ikiwa tu mkaguzi, popote alipo, anajua kutofautisha gurudumu na lebo.