Mwache Mama Amalize Kusema

Wagonjwa tunaowatembelea siku za utume mara chache hulalamikia dawa. Wanalalamika kwamba hawakusikilizwa. "Hata usoni hakuniangalia, alikuwa anaandika tu." Maneno hayo tumeyasikia mara nyingi mno, hatuwezi kuyanyamazia.

Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Beckman na Frankel, walichunguza mazungumzo 74 ya madaktari na wagonjwa wao. Kwa wastani mgonjwa alikatizwa baada ya sekunde 18, na ni asilimia 23 tu walioachwa wamalize maelezo yao ya mwanzo. Uchunguzi mwingine wa huko huko, wa mwaka 1999, ulionyesha kuwa walioachwa wamalize walitumia sekunde 6 tu zaidi. Sekunde sita! Kweli, foleni ya kule si foleni ya kwetu, na daktari wetu anachoka. Lakini sekunde sita hazimchoshi mtu.

Kwetu tena kuna jambo la zaidi. Mama wa makamo hawezi kumwambia kijana wa umri wa mwanawe kinachomsumbua hasa. Ataanza na kichwa, atapitia mgongoni, kisha atasema "kiuno" akimaanisha chini ya hapo. Ukimkatiza kwenye kichwa, ataondoka na vidonge vya maumivu na ugonjwa wake. "Shikamoo mama", pazia lililofungwa, na ombi kama "Hebu nieleze, ilianzaje?" hufungua mengi kuliko "Kichwa kinauma? Tumbo? Una homa?", maswali ambayo wengi huitikia ndiyo, ndiyo, kwa adabu tu. Na kabla hajainuka aulizwe kama kuna lingine, maana lile zito mara nyingi hutamkwa akiwa tayari mlangoni.

Yesu alimwuliza Bartimayo anataka afanyiwe nini, ingawa upofu wake kila mtu aliuona.

Waseminari wenzetu, tusiwacheke madaktari. Padre anayemmalizia sentensi mtu anayeungama anaugua ugonjwa ule ule, na dalili zake huanza mapema, tungali huku seminarini.

Tarehe 11 Februari, Siku ya Wagonjwa Duniani, baadhi ya parokia hualika madaktari kupima presha na sukari baada ya Misa. Tunapendekeza safari ijayo viwekwe pia viti viwili pembeni, chini ya mti, na daktari mmoja asiye na kipimo wala kalamu mkononi.