Mbele ya Kuuza Ng'ombe, Tununue Kaye



Tangu mwanzo wa trimesta hii kuna neno moja linalosemwa katika madarasa, mu refektwari na hata kwenye robine: eti ng'ombe saba wa masomo yetu watauzwa. Wale wanaosema hivi wako na sababu zao. Ng'ombe wanakula, mulinzi analipwa, dawa zinanunuliwa, lakini maziwa yanafika kidogo tu. Feza za kuwauza zingeweza kununua mabati ya nyumba ya kulala. Komite itakata neno mwisho wa trimesta.

Siye viongozi wa wanafunzi wa mwaka wa mwisho tunasema wazi: hatukubali. Hatukubali kwa sababu hakuna mutu hapa anayeweza kutuonyesha ng'ombe gani analeta faida na yupi analeta hasara. Tukiuliza, "Yule mwekundu alizaa lini?" tunajibiwa, "Zamani kidogo." Anatoa litri ngapi? "Inategemea siku." Mutu akiuza duka lake bila kufungua kitabu cha hesabu, tutamwita mwenye akili? Wazee walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Mali yetu inaisha, na habari hatuna.

Musifikiri tunamulaumu baba mulinzi. Yeye anawajua ng'ombe wote kwa rangi na kwa tabia. Lakini hesabu yote iko mu kichwa chake. Mwaka jana alipougua juma mbili, masomo yote yalibaki kama kipofu. Hakuna aliyejua ng'ombe gani alipandwa, wala yupi alikuwa karibu kuzaa.

Basi, tuandike nini? Mambo ni matatu.

La kwanza ni maziwa. Kila ng'ombe apimwe asubuhi na jioni, katika ndoo yenye alama za litri, na hesabu iandikwe kwa jina lake. Leo tunachanganya maziwa yote mu bidoni moja, kisha tunasema "ng'ombe hawatoi." Ng'ombe gani? Tuseme mmoja alikuwa anatoa litri sita, na kwa siku mbili ameshuka kwa tatu. Kaye itapiga kelele mbele ya jicho kuona. Labda amekosa maji ya kutosha, labda ana homa, labda chuchu moja imeanza kuvimba ndani. Mulinzi akamue matone ya kwanza juu ya kitambaa cheusi. Akiona mabongemabonge, ni ugonjwa wa kiwele, na ukitunzwa mapema unapona vizuri kuliko ukichelewa.

La pili ni uzazi, na hapa ndipo tunapoteza zaidi. Ng'ombe asiyezaa hatoi maziwa, hata umulishe namna gani. Ng'ombe jike anarudi katika joto karibu kila siku 21, na joto lenyewe mara nyingi halimalizi siku moja. Mara nyingi linakuja usiku, wakati watu wamelala. Alama yake kubwa ni kwamba anasimama kimya mwenzake akimupanda. Ikipita bila dume na bila kuandikwa, tumepoteza siku 21. Fanyeni hesabu pamoja nasi: ng'ombe watano wakipoteza joto mara tatu kila mmoja, ni siku 63 mara tano, ndiyo siku 315. Karibu mwaka muzima wa kulisha bure! Halafu tunasema ng'ombe ni wavivu. Mimba inachukua karibu siku 280, na baada ya kuzaa inafaa kungoja kama miezi miwili mbele ya kumupandisha tena. Mufugaji mwenye kufuata hesabu hiyo anaweza kupata ndama mmoja kila miezi 12 au 13 kwa kila ng'ombe. Bila tarehe, hutajua hata siku ya kuacha kumukamua, ili apumzike miezi miwili mbele ya kuzaa.

La tatu ni afya, na hili linatugusa sisi wenyewe mu matumbo yetu. Mwaka huu mimba mbili zilitoka. Je, ni ng'ombe mmoja mara mbili, ao ni wawili? Hakuna anayejua. Wenzetu, hili si jambo la kuchekea. Kuna ugonjwa unaoitwa bruselozi, ambao unatoa mimba ya ng'ombe, zaidi katika miezi ya mwisho. Mutu anaweza kuupata kwa kunywa maziwa mabichi ao kwa kushika kondo la nyuma bila kujikinga. Unaleta homa ya kwenda na kurudi, jasho na maumivu ya viungo, na mutu anaweza kufikiri ni malaria tu, akanywa dawa ya bure. Maziwa yachemushwe, kila siku, bila kuhurumia makala. Na damu ya ng'ombe wote ipimwe.

Tena kuna dawa. Ng'ombe akichomwa sindano ya antibiotiki, maziwa yake hayafai kunywewa mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa ziishe. Asiyeandika siku ya sindano atakumbuka namna gani siku ya kukamua kwa ajili ya uji wa watoto? Vilevile kupe: wakati wa mvua wanaongezeka, na siku ya kuwaogesha ng'ombe inapashwa kuandikwa, isiwe ya kukisiwa. Termometa moja inatosha. Joto la ng'ombe mwenye afya ni karibu 38,5. Likipita 39,5 na kukaa hapo, aitwe munganga wa nyama bila kungoja jumatatu.

Wengine watasema, "Wababu zetu walifuga bila kaye." Tujibu kwa heshima: wababu gani? Katika sehemu nyingi za Katanga mbung'o hakuruhusu ng'ombe, na watu walikuwa walimaji, wavuvi na wawindaji. Mifugo mikubwa ya hapa, kama ile ya mlima wa Biano, ilikuja na wakoloni, wakati migodi ilitaka nyama ya kulisha wafanyakazi. Mufugaji wa Ituri ao wa Masisi ana kaye kichwani, kwa sababu alizaliwa katikati ya ng'ombe. Anajua mama na bibi wa kila ndama. Sisi tumezaliwa katikati ya njia ya reli na migodi. Kichwa chetu hakina kaye hiyo. Basi tutumie karatasi.

Wala si mambo ya wajinga. Mwaka 1895, katika kijiji cha Vejen, Denmark, wafugaji walijiunga na kumulipa mutu mmoja wa kuzunguka na kupima maziwa ya kila ng'ombe. Ndiyo kusema walikataa kudanganywa na macho yao, maana ng'ombe munene si lazima awe mwenye maziwa. Kule Kenya, kituo cha Kabete kinatoa mbegu za madume tangu 1946, na hata mwenye ng'ombe mmoja tu anaona faida ya kuandika siku ya kupandikiza.

Na sisi hapa Lubumbashi? Tunanunua maziwa ya unga mu vijaluba, yametoka mbali, yamepita Kasumbalesa. Ardhi tunayo, mvua tunayo. Na UNILU ina fakulte ya waganga wa nyama hapa hapa mujini.

Kwa hiyo tunaomba komite mambo haya. Iahirishe kuuza kwa mwaka mmoja. Inunue kaye saba, biki, ndoo ya alama na termometa. Bei yake haifiki bei ya ndama. Wanafunzi wa Biolojia-Kemia wasaidie kuandika kwa zamu, asubuhi na jioni, hata siku ya mupira. Wanafunzi wa Biashara wafanye hesabu ya kila mwezi na kuibandika kwenye mlango wa refektwari, wote waone. Baba Prefe aandike barua kwa fakulte, ili damu ipimwe na matumbo ya ng'ombe yaangaliwe nani ana mimba.

Mwaka ukiisha, na kaye ikionyesha kwamba ng'ombe fulani anakula bila kuzaa wala kutoa maziwa, auzwe. Siye wenyewe tutashika kamba. Sisi tutakuwa tumekwisha kwenda na diplome zetu. Lakini wadogo wetu wa internati watabaki hapa, na uji wao pia. Musiwanyanganye maziwa kwa sababu ya hesabu ambayo hakuna aliyeifanya.

Viongozi wa wanafunzi, mwaka wa mwisho