Nafuu ya kodi isiishie Dar

Kuwavutia wapiga filamu wa nje waje Tanzania ni jambo zuri. Ila kamera ikishazimwa bado kuna pesa nyingi: kukata picha, kusawazisha rangi, kuchanganya sauti, kuweka manukuu. Afrika Kusini wamelijua hilo. Kampuni ya nje ikimalizia filamu kule hurudishiwa kuanzia asilimia 20 ya matumizi yanayokubalika, hata kama picha zilipigwa kwingine. (Kulipwa kwa wakati ni kesi nyingine, mwaka 2025 watu wa filamu waliandamana Cape Town kudai malipo yaliyochelewa.) Jimbo la New York linatoa nafuu ya kodi ya asilimia 30 kwa kazi kama hizo, na kazi ikifanyika mbali na jiji wanaongeza 5.

Hiyo 5 ndiyo ningeiiga. Kwetu filamu zilianza kubandikwa stempu za kodi za TRA mwaka 2013, na 2024 ikaja kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa watengeneza maudhui ya mtandaoni. Mkono wa kuchukua upo, wa kurudisha siuoni.

Hapa kwetu mkoani, Kagoma, vijana wanaediti video za kwaya na harusi usiku, umeme ukitulia. Faili kubwa halipandi kwa bando, basi diski inatiwa kwenye bahasha na kukabidhiwa kondakta wa basi. Hao wapunguziwe kodi kwenye UPS, monita na spika za studio, na kampuni ya Dar inayompa kazi kijana wa mkoani ipate nafuu ya ziada. Bodi ya Filamu ilipeleke hilo Wizara ya Fedha kabla ya bajeti ya Juni.