Dizeli safi, ekzosi tupu

Katika gereji nyingi za Afrika Mashariki, mwenye Hiace au Prado ya dizeli akilalamika kuwa gari limeishiwa nguvu mlimani, jibu la fundi huja haraka: toa masega. Ekzosi hukatwa, kifaa cha kusafisha moshi hupasuliwa, masega yaliyomo hutolewa, kisha kopo tupu huchomelewa palepale. Askari wa barabarani akiinama chini ya gari ataliona kopo, naye ataliruhusu liende.

Gari huondoka likivuta vizuri kweli, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Masega hayazibi bila sababu. Huenda nozeli zinamwaga dizeli kupita kiasi, au injini inakula oili, au gari linatambaa kwenye foleni za Kampala na Dar es Salaam kutwa nzima bila ekzosi kupata joto la kuunguza masizi. Ubovu huo hubaki ulivyo. Masega yenyewe hayatupwi: yana platinamu na paladiamu, na wanunuzi wa vyuma chakavu wanaijua bei yake kuliko mwenye gari, ambaye mara nyingine huyaacha gereji kama takataka.

Anayeumia zaidi hayupo hata ndani ya gari. Kifaa hicho hugeuza kaboni monoksaidi na mafuta yasiyoungua kuwa kaboni dioksaidi na maji, na magari ya karibuni huwa pia na kichujio cha kunasa masizi. Vikitolewa, uchafu wote humwendea mchoma mahindi wa kituo cha basi na mtoto aliye mgongoni mwake. Mwaka 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Nchi hizi zilikwishaanza vizuri. Mwaka 2015 Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Salfa nyingi huharibu masega, hivyo mafuta yalisafishwa ili vifaa vya namna hii vifanye kazi. Leo mafuta hayo yanachomwa katika magari yenye makopo matupu.

Kwenye magari yenyewe kila nchi imeshika njia yake. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, Uganda imeweka 15, na Tanzania inaruhusu makuukuu ila inayatoza zaidi. Lakini umri huangaliwa mara moja tu, gari linapoingia. Lililotoka Japani na masega yake yote laweza kuyapoteza ndani ya wiki moja, kisha likavuka Malaba, Gatuna au Rusumo bila kuulizwa.

Jumuiya ya Afrika Mashariki inapaswa kuacha kutegemea macho. Moshi upimwe kwa mashine kwenye bomba la ekzosi, injini ikikanyagwa, kila mwaka, na cheti cha nchi moja kitambuliwe na nyingine zote kama inavyotambuliwa kadi ya njano ya bima. Gereji inayotoa masega iwajibike, na mnunuzi wa chuma chakavu aandike ameyapata kwa nani.

Kuwabana madereva peke yao ni kuwaonea. Kifaa kipya ni ghali, na mwenye daladala au matatu anayelipa mkopo atachagua kukata. Mawaziri wa fedha wa Jumuiya hukutana kabla ya bajeti za Juni kupanga ushuru wa pamoja. Kikao kijacho kiutazame ushuru wa kifaa hiki, kabla ya nchi yoyote kuanza kutoza faini.