Risasi za Kujitengenezea: Sheria Pekee Haitoshi

Katika baadhi ya nchi za dunia, mwenye bunduki huliokota ganda tupu la risasi aliyokwisha kuifyatua, akalirudisha nyumbani, akalitia fataki mpya, baruti mpya na risasi mpya, kisha akalitumia tena. Nchini Marekani kazi hiyo, ikiwa ni kwa matumizi ya mwenyewe, haihitaji leseni ya Serikali Kuu, na zana zake huuzwa madukani hadharani. Wenyewe husema kuwa wanapunguza gharama. Hata huko, aliyekosea kipimo cha baruti huweza kupasukiwa na bunduki mkononi.

Hapa kwetu mambo ni mengine. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamkataza mtu yeyote kutengeneza silaha au risasi pasipo idhini. Hata hivyo, kazi hiyo haijakoma vijijini. Haifanywi kwa mashine ya mezani, bali kwa gobore: baruti hushindiliwa mdomoni mwa mtutu, na vipande vya chuma vikafuata. Kila mlio wa gobore ni ushahidi kwamba mahali fulani yupo mtu aliyejitengenezea risasi yake mwenyewe.

Mkoa wa Songwe, uliozaliwa mwaka 2016 na wenye makao yake makuu hapa Vwawa, unalijua jambo hili kwa historia. Wanyiha wa Mbozi walikuwa wafua chuma hodari tangu enzi za mababu, na ujuzi huo si dhambi. Ndio uliowapa watu jembe na shoka. Lakini mkono unaofua jembe unaweza pia kufua mtutu, iwapo mwenye jembe atakuja kulia kwamba shamba lake limeliwa na nguruwe pori.

Ndugu zetu wa Visiwani wasidhani kuwa habari hii ni ya bara peke yake. Katika karne ya 19 Unguja ilikuwa soko kuu la bunduki zilizopelekwa bara kwa makumi ya maelfu, pamoja na mapipa ya baruti, katika biashara ile ile ya pembe na watumwa. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulibana uingizaji wa bunduki za kisasa katika sehemu hii ya Afrika, lakini uliliachia nafasi gobore la kale na baruti yake. Hivyo bunduki ya mshindilio ikabaki kuwa silaha ya mtu wa kijijini.

Tena wavuvi wa Unguja, Pemba na pwani yote ya Tanzania wanayo baruti yao ya kujitengenezea, nayo ni ile ya kulipulia samaki. Wanajua jinsi ilivyobomoa matumbawe na kukata mikono ya vijana. Mlipuko wa baharini na ule wa shambani ni ndugu: vyote viwili vimezaliwa na mtu aliyeona kuwa njia ya halali iko mbali na njaa iko karibu.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Chini ya Sheria ya Uhujumu Uchumi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, anayepatikana na hatia ya kumiliki silaha au risasi kinyume cha sheria anakabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 20 wala kuzidi 30. Adhabu hiyo haikuwekwa bure. Nchi ilikuwa na tembo wapatao 109,000 mwaka 2009. Mwaka 2014 walihesabiwa kama 43,000 tu. Lakini sheria iliyotungwa kwa ajili ya jangili wa meno ya tembo humkuta pia mkulima mwenye gobore la kufukuzia nyani. Akirudi kutoka gerezani, aliyemwacha akinyonya amekwisha kuwa mzazi.

Hatusemi kwamba mkulima huyo aachwe. Gobore la nyani leo huweza kuwa gobore la jirani kesho, au la mnyang'anyi barabarani. Tunachosema ni kwamba msako peke yake haumalizi kazi. Polisi wakichukua mtutu na kuacha haja, haja itafua mtutu mwingine.

Umoja wa Afrika umeufanya mwezi wa Septemba wa kila mwaka kuwa Mwezi wa Msamaha kwa wanaosalimisha silaha haramu, hadi mwaka 2030. Serikali yetu ilitoa msamaha wa namna hiyo Septemba na Oktoba mwaka 2022. Ni njia njema. Lakini mkulima anayesalimisha gobore lake Septemba atauliza nani atalinda mahindi yake Machi. Kifuta jasho hulipwa baada ya shamba kuliwa. Mlinzi hutakiwa kabla.

Kwa hiyo hapana budi mambo matatu yafanywe kwa pamoja. Kwanza, askari wa wanyamapori wawe karibu na vijiji vinavyoshambuliwa, na wafike siku ya kuitwa, si wiki inayofuata. Pili, mafundi chuma watambuliwe na kupewa kazi halali, ili ujuzi wao uwe mali ya kijiji badala ya siri ya usiku. Tatu, baruti na fataki zifuatiliwe tangu zinapopita machimboni na mipakani, kwa maana mtutu usio na baruti ni fimbo tu. Hapo Tunduma tunapakana na Zambia, na nchi zetu mbili zinafungwa na Itifaki ya SADC ya mwaka 2001 juu ya silaha. Itifaki hiyo isiishie makabatini.

Ulinzi na usalama, pamoja na Polisi, ni mambo ya Muungano. Basi afisa aliyeko Unguja na yule aliyeko Vwawa wana deni moja. Wananchi wamekatazwa kujilinda kwa baruti yao wenyewe, na katazo hilo ni la haki. Lakini anayemnyang'anya mtu ngao amejitwika wajibu wa kusimama mbele yake.