Yah: Matokeo ya Utafiti Yarudi Kijijini

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH)

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Mimi ni mkazi wa Kambarage, Shinyanga. Ninakuandikia kuhusu kibali cha utafiti ambacho Tume yako hutoa, kwa sababu watu wa huku wamehojiwa sana na kuambiwa machache.

Habari ya ngitili, yale malisho yanayofungwa ili nyasi na miti irudi, unaijua. Wakati wa ukoloni misitu ya Usukuma ilifyekwa ili kumaliza mbung'o. Mashamba ya pamba yakaendelea kula pori, kisha Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu mbali na malisho waliyokuwa wakiyatunza. Tukaanza kuitwa jangwa. Mwaka 1986 serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na heshima kubwa ya mradi ule ni kwamba ulikubali kufundishwa na wafugaji: eneo lifungwe masika, lifunguliwe kiangazi kikikaza. Dagashida, yaani mabaraza ya jadi, zikaweka sheria, walinzi wa sungusungu wakazisimamia, mkaidi akatozwa mchenya, yaani faini. Zile hekta 600 hivi za ngitili zilizojulikana mwanzoni zilikuwa zimepita 300,000 mradi ulipofungwa mwaka 2004.

Mwaka 2005 ikatoka ripoti ya Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na shirika la uhifadhi la IUCN, timu ikiongozwa na Profesa Gerald Monela. Walipiga hesabu ya kuni, malisho, asali, dawa, nyasi za kuezekea na mengine, wakakuta ngitili inampa mtu mmoja thamani ya dola 14 kwa mwezi. Wastani wa matumizi ya mwanakijiji nchini ulikuwa dola 8.50. Hesabu hiyo ni silaha! Mwenyekiti wa kijiji anayembishia mchoma mkaa, au mwana anayetaka kuuza ngitili ya baba yake, angeitumia kesho asubuhi. Lakini imeandikwa kwa Kiingereza, na waliotoa majibu ni wazee wanaozungumza Kisukuma.

Kwenye ukanda wa dhahabu jambo hili la matokeo kutowarudia waliohojiwa linagusa mwili wenyewe. Huko Rwamagasa, Geita, wachimbaji wadogo na majirani zao walitoa damu, mkojo na nywele ili zebaki ipimwe. Aliyetoa damu yake ana haki ya kuambiwa ilikutwa na nini, kwa lugha anayoielewa, kabla msomaji wa jarida la Ulaya hajajua.

Naomba Tume iweke sharti kwenye kibali: mtafiti yeyote wa watu na maliasili arudi kusoma matokeo kwenye mkutano mkuu wa kijiji, kwa Kiswahili na kwa lugha ya wenyeji inapobidi, na muhtasari ubaki ofisi ya mtendaji. Wanakijiji wapewe nafasi ya kupinga, na pingamizi lao liingie kwenye ripoti ya mwisho. Nauli ya safari hiyo iwekwe kwenye bajeti tangu maombi ya kibali, maana fedha zikiisha hii ndiyo kazi ya kwanza kukatwa. Ninajua wanafunzi wetu wa vyuo vikuu hawana mifuko mirefu. Kwao Tume ichangie.

Mnaweza kuanza na ripoti ya 2005. Itafsiriwe, shilingi zichukue nafasi ya dola, isomwe vijijini wakati waliokaa kwenye dagashida za miaka ile bado wapo na wanaweza kusema palipokosewa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Kambarage, Shinyanga