Kuta Zetu Zina Nini?

Wengi hudhani kuwa sanaa ni mali ya matajiri na nyumba za makumbusho. Mimi sikubali. Marehemu Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, hakuwa na vifaa vya fahari. Alitumia vipande vya ubao wa dari na rangi ya baiskeli. Alifariki mwaka 1972, lakini mtindo wake ungali waitwa kwa jina lake.

Wageni wakazinunua picha hizo, wakaenda nazo kwao. Sisi je? Tumetundika kalenda za maduka, nazo hufa mwaka ukiisha! Ndugu wanafunzi, tusingoje mgeni atuonyeshe uzuri wa chui wetu. Mcheza kwao hutunzwa. Basi na tutunze.